Mhandisi, omba fedha za kalvati kabla ya masika

Nimefanya kazi ya uhandisi wa ujenzi hapa Nairobi kwa miaka 19, na hii ninawaandikia wahandisi wenzangu, hasa vijana waliosajiliwa juzijuzi na Bodi ya Wahandisi ambao wanaamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba hesabu zikiwa sahihi fedha za mradi zitapatikana zenyewe. Hazipatikani hivyo. Huombwa, na kuomba ni sehemu ya kazi yetu ambayo hatukufundishwa chuoni.

Mara ya kwanza nilipohudhuria kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, nilibeba ripoti ya kurasa 40 juu ya kalvati moja ya Eastlands inayopitisha maji ya mvua chini ya barabara kuelekea Mto Ngong. Nilipewa dakika tatu. Mbili nilizimaliza nikifafanua vipimo vya mvua na kasi ya mtiririko, na nilipoanza kuitaja kalvati yenyewe mwenyekiti akanishukuru na kumwita mwingine. Aliyefuata alikuwa mama muuza mboga. Alisema kwamba maji yakija humfika hapa, akagusa goti lake, na kwamba usiku mmoja yalimwozeshea magunia mawili ya viazi. Wajumbe wote waliinua macho kutoka kwenye makaratasi yao. Alikuwa akizungumzia kalvati ileile.

Mwaka uliofuata nilianzia kwenye kibanda chake. Katika ukuta wa mabati, nyuma ya kreti za nyanya, palikuwa na mstari wa tope uliokauka, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Nilisimamisha futi ya chuma hapo nikapiga picha: sentimita 58 kutoka sakafuni. Kisha nilishuka mtaroni na kukuta bomba la kalvati, lenye kipenyo cha milimita 600, limejaa tope na chupa za plastiki hadi nusu. Waraka wangu wa mwaka huo ulikuwa ukurasa mmoja, wenye picha hizo mbili na maelezo mafupi: bomba la milimita 900, likilazwa kwa mteremko uleule, hupitisha maji karibu mara tatu ya lile la milimita 600, ilhali gharama haipandi mara tatu, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha huenda katika kuchimba, kufukia na kurudishia lami, kazi ambazo utazilipia hata ukilaza bomba dogo. Nilimwona mjumbe mmoja akiyanakili maelezo hayo kwa kalamu. Tangu siku hiyo siendi kikaoni bila picha yenye kipimo ndani yake, na hujitahidi mwananchi anayeumia azungumze kabla yangu, ili mimi nije kueleza sababu na dawa ya jambo ambalo wajumbe wamekwisha kulielewa.

Hata hivyo, waraka mzuri uliochelewa haufai kitu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 201, inataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha, lakini ushiriki huo una majira yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Sasa tazama lini sisi wahandisi hupaza sauti. Mafuriko yalipoukumba mji huu Aprili na Mei 2024, wengi wetu tulihojiwa redioni na tukasema kweli tupu kuhusu mitaro iliyoziba na nyumba zilizojengwa kandokando ya mito, wakati ambapo mlango wa makadirio ya mwaka uliofuata ulikuwa unafungwa. Anayetaka kalvati ya masika yajayo aanze kuidai Agosti, jua likiwaka, na asichoke kuambiwa kwamba hakuna mvua.

Dai fedha za matengenezo kwa nguvu ileile unayodai za ujenzi. Kila anayenunua lita ya petroli au dizeli hulipa tozo ya matengenezo ya barabara, ambayo Julai 2024 ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25, na dereva wa matatu ana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Mjibu kwa mfano anaoujua. Sehemu kubwa ya Nairobi imekaa juu ya udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo mtaro ukiziba, maji hupenya chini ya lami na barabara huanza kubomoka kutoka chini. Kuzibua mtaro ni kuilinda lami.

Kuhusu kusherehekea mafanikio yetu, sikubaliani na wanaosema ni majivuno. Siku nilipopokea hati yangu ya usajili nililia, na mama yangu ana nakala yake sebuleni hadi leo. Ninachokipinga ni kusherehekea hotelini, sisi kwa sisi. Siku ya Uhandisi Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2019, huangukia 4 Machi, wiki chache kabla ya makadirio kufika bungeni na masika yakiwa mlangoni. Kalvati yetu ilipokwisha kubadilishwa, tuliiadhimisha siku hiyo palepale barabarani, pamoja na mwakilishi wadi, wafanyabiashara na vibarua wanaozibua mitaro. Hati ya kwanza ya pongezi alipewa msimamizi wa vibarua hao, mzee ambaye hakuwahi kuitwa mbele ya watu kwa sababu ya kazi yake. Manyunyu yalipoanza, aliifunika hati kwa mfuko wa nailoni na kuiingiza ndani ya kizibao chake, kisha akamweleza mwakilishi wadi, kwa maneno yake, kwamba bomba jipya nalo litaziba lisipozibuliwa kabla ya masika na kabla ya vuli.

Tuliomba fungu la kuzibua mara mbili kwa mwaka, nalo likakatwa likabaki la mara moja. Waraka wa kudai mara ya pili nimekwisha anza kuuandika, na safari hii yule mzee ndiye atakayetangulia kuzungumza.