Shanga ruksa, soksi aibu

Kicheni pati yangu ilifanyika ukumbi mmoja hapa Mwanjelwa mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya ambayo watu wanakaa na masweta juu ya vitenge vya sare, na somo niliyeletewa alitoka Tanga. Yule mama alitoa shanga kwenye mkoba akazitikisa karibu na maiki, mlio ukajaa ukumbi mzima, na mama zangu wa kanisani, wale wale wa kwaya, wakapiga vigelegele mpaka MC akaomba wanyamaze. Nikafundishwa kuzivaa, nikafundishwa udi, nikaambiwa hina ya nyayoni inamtuliza mwanaume. Halafu likaja beseni: mume akirudi mpigie magoti, mvue viatu, muoshe miguu na maji ya vuguvugu. Mama yangu mdogo alikuwa anaandika kwenye daftari kabisa.

Hakuna aliyeona haya. Shikilia hapo kwanza.

Miezi minne baadae mume wangu, Mnyakyusa wa Rungwe, mpole, akazima taa ndo akaanza kuongea. Akasema kuna kitu anakipenda toka ujana na hajawahi kumwambia mtu. Nikajua naambiwa ana mtoto nje. Kumbe anapenda miguu, miguu yangu, tena nikiwa nimevaa zile soksi nene za sufu za mtumba ninazolalia, anatamani tu aishike, aikande, aivue soksi taratibu. Nikacheka. Sikucheka kwa ubaya jamani, nilicheka kwa ahueni, lakini yeye gizani atajuaje? Akageukia ukutani na wiki nzima tukawa tunaongelea bei ya mkaa tu.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ndo baya, nilimsimulia shosti yangu, na mnajua stori ikitoka kwa shosti inavyotembea, Jumamosi kwenye vikoba nikakuta wanatazama miguu yangu, jioni mume wangu anapita kijiweni boda mmoja anamuuliza 'kaka soksi bei gani?' Alirudi hakula. Wifi yangu akapiga simu kutoka Tukuyu kuuliza kama nimempa kaka yake limbwata, maana haiwezekani mwanaume mzima akaenda chini kwenye miguu ya mwanamke.

Limbwata! Hapo ndo akili yangu ikafunguka. Mimi kwenda chini kwenye miguu yake na beseni ilikuwa adabu, nilifundishwa mbele ya watu mia na zawadi za masufuria juu. Yeye kuja kwenye miguu yangu kakaliwa, karogwa. Miguu ni miguu. Kwahiyo sio kitu chenyewe kinachochekwa, wanaangalia nani kainama mbele ya nani. Na shanga nazo ukikaa ukafikiria ni nini? Ni kitu, ni uzi na vidude vya kioo, mwanaume anasisimka akisikia mlio wake gizani na tunamwita mwanaume kamili, sasa wa soksi amekosea wapi? Shanga zina somo, zina wimbo, zina muuzaji sokoni. Soksi hazina mama wa kuzisemea, basi.

Tena hata hiyo miguu, nenda Tanga au Unguja uone bibi harusi anavyopambwa hina na piko mpaka kwenye vidole vya miguu, anapambiwa nani kama sio bwana? Kule ni urembo, huku kwetu kwenye baridi na soksi imekuwa ugonjwa.

Nilienda kuongea na dada mmoja mshauri wa ndoa maana nilikuwa na hofu kweli kwamba nimeolewa na mgonjwa. Hakucheka. Akaniambia Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yao mpya ya magonjwa, ile ya 11 iliyoanza kutumika Januari 2022, kupenda kitu kama kiatu au mguu wameshakitoa, haihesabiwi tena ugonjwa kivyake. Waliobaki ni kama wale wanaochungulia watu wakioga, wanaojisugua kwa abiria kwenye daladala, yaani mambo ya kumfanyia mtu ambaye hajakubali au hawezi kukubali. Na kama jambo linamtesa mwenyewe au linaweza kumuumiza mtu vibaya, hapo napo aende akaonwe. Maswali yake yalikuwa mafupi: unakubali kwa moyo wako? Anaacha ukisema hapana? Kuna anayeumia? Akaniruhusu nirudi nyumbani.

Sasa yapime yale tunayoyachekea kwa maswali hayo hayo. Mzee anahangaika na binti wa shule tunasema ng'ombe hazeeki maini, tunacheka, tunapita. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi mpaka Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 hiyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo hivyo 2019. Miaka yote hiyo sijasikia kijiwe kikimpa mzee jina la utani. Mume wangu na soksi ndo akapewa.

Kwahiyo dada, kaka, ukiambiwa siri ya chumbani na mwenzio usicheke, hata kama imekuja kichekesho, bana pua. Sema 'asante kwa kuniambia, nipe muda'. Huwajibiki kukubali, mi mwenyewe kuna kingine aliuliza nikasema hapana na maisha yanaendelea, ila hapana yako iseme kwa upole na ibaki humo ndani. Usiipeleke kwa shosti, kwa wifi, wala kwenye grupu. Na wewe mwenye siri usisubiri miezi minne na taa uzime, ongeeni mchana mkichambua mboga, inakuwa nyepesi. Mimi ilinichukua karibu mwaka mume wangu kuniamini tena, na nilianza kwa kumuomba radhi kwa kupiga magoti, naona somo wa Tanga angefurahi.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye mitumba pale Sido, yeye kainama kwenye lundo anachagua soksi, anazivuta, anaangalia kisigino. Muuzaji, mama mtu mzima, akamuuliza za nani. 'Za mke wangu, mama, baridi inamsumbua.' Yule mama akanigeukia mbele ya wateja wote: 'Mwanangu una bahati, wanaume wa hivi wamebaki wangapi?'

Mume wangu akalipa haraka haraka. Mimi nilikuwa natazama bajaji za barabarani nisije nikacheka tena.