Tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito): maswali yenu kutoka Kigoma

Shikamoo daktari. Mama ana saratani ya mlango wa kizazi, hospitali wamempa mofini ya maji. Majirani wanasema ikifika hapo ni kuaga tu. (Binti, Ujiji)

Marahaba mwanangu. Mofini hutolewa kwa sababu mtu ana maumivu makali, si kwa sababu siku zake zimehesabiwa. Wapo wanaoinywa huku wakiendelea na mionzi. Nguvu yake hukaa kama saa 4, ndiyo maana hunywewa kwa saa, bila kusubiri mama aanze kulia. Wengi mnaibania eti asizoee. Usiku mgonjwa hapati usingizi, asubuhi anawafokea wajukuu, nanyi mnasema saratani imepanda kichwani. Ni maumivu hayo! Pimeni kwa bomba la sindano mlilopewa, kijiko cha chai kiacheni jikoni. Siku za mwanzo atasinzia, pengine na kichefuchefu, kisha hupungua. Kufunga choo hakuishi, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Akisinzia mpaka haamshiki, au akipumua polepole mno, mpelekeni hospitali mara moja. Msiikatishe ghafla bila ushauri wa daktari.

Baba ana saratani na amepelekwa Bugando, lakini tumemwambia ana vidonda vya tumbo. Wajomba hawataki ajue. (Kasulu)

Mzee atolewe Kasulu mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa vidonda vya tumbo? Anahisi, ila hana wa kumwambia. Mwulizeni: "Baba, ungependa kujua kiasi gani kuhusu ugonjwa wako?" Akisema hataki, basi. Akitaka, daktari amweleze, na wajomba wawepo.

Mke wangu hali chakula. Nikimletea samaki wa mgebuka anageuza uso. (Gungu)

Usimlazimishe, kaka. Mpe kidogo anachokitaka, hata uji vijiko viwili, na mtazame mdomo: vidonda na utando mweupe vinatibika.

Kaka yangu analia kila siku, anasema bora afe. Shangazi anamkemea kwamba anakufuru. (Mwanga)

Shangazi apumzike kidogo. Huzuni ya saratani ni ya kawaida, lakini ikipita wiki 2, hafurahii chochote, anajiona mzigo, hiyo yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na ina ushauri nasaha na dawa. Mwulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asibaki peke yake, dawa zote zifungiwe, mofini ikiwemo, na leo hii mfike hospitali ya mkoa, Maweni. Mwulize pia usiku anaumwa wapi, maana maumivu nayo humkatisha mtu tamaa. Shehe au padri akija kumwombea, karibu sana, mradi hamwambii aache dawa.