Unaingia fanfari ya mtaa: saksafoni, tarumbeta au baritoni?

Mdogo wangu, umesema una miaka thelathini na kitu, unapanga chumba mtaa wa Katuba, kazi yako ni ya zamu, fanfari (bendi ya kupuliza na ngoma) ya mtaani kwenu inapokea wapya, hujawahi kupuliza chochote, na roho yako inataka saksafoni. Wengi wamekujibu ufuate moyo. Mimi ni mpiga baritoni, chombo cha shaba kinachofanana na tuba ndogo, na ndiye ninayeshika ufunguo wa kabati la vyombo kwenye fanfari ya parokia yetu hapa Lubumbashi. Moyo hauna mlango wa kufunga wala pistoni (kitufe cha kubonyeza kwenye chombo cha shaba) ya kupaka mafuta, kwa hiyo mimi nitakujibu kwa upande wa kabati.

Kabla ya chombo, jiulize unataka kukaa wapi ndani ya wimbo. Kuna wanaobeba sauti ya wimbo yenyewe, kuna wanaojaza katikati, kuna wanaoshika chini, na kuna wanaoendesha mwendo. Ndiyo maana mgeni akifika kwangu, simuulizi anapenda chombo gani. Namuuliza anaimba sauti gani kwenye kwaya. Mtu aliyeimba besi, sauti ya chini kabisa, kwa miaka, sikio lake limezoea kutembea chini. Ukimpa tuba, kile chombo kikubwa cha shaba cha sauti ya chini, muda si mrefu atakuwa anajua wimbo unaelekea wapi kabla haujafika. Huyo huyo ukimpa tarumbeta ya kwanza atateseka, na sisi tutateseka naye. Kinyume chake, tenori anayependa kusikika usimpe alto, chombo cha shaba cha kujaza katikati, maana kwenye machi kazi yake kubwa ni kugonga nusu ya pili ya kila pigo, kipande chote, mwanzo hadi mwisho. Kuna watu wanaifurahia kazi hiyo kweli. Wewe hukutuambia unaimba nini, au kama unaimba. Anzia hapo.

Sasa hiyo saksafoni. Najua ugonjwa huo unatoka wapi: nchi hii imelelewa nayo, wazazi wetu walimsikiliza mpiga saksafoni Verckys ndani ya bendi ya OK Jazz miaka ya 1960, na kila harusi yenye bendi lazima mpiga saksafoni aje mbele. Wapya wengi wanaitaka, na uzuri wake siukatai. Sauti ya kwanza inaweza kutoka siku hiyo hiyo. Vidole vyake vinaeleweka, maana ukibonyeza ufunguo wa oktava, noti inapanda oktava moja, yaani do inakuwa do ya juu, na vidole vinabaki karibu vile vile.

Shida iko kwenye matunzo. Saksafoni inalia kwa anshi, kile kipande chembamba cha mwanzi unachokifunga kwenye ambushuri, yaani kipande cha chombo unachoweka mdomoni. Anshi inalika, inapasuka ncha, na ina namba za ugumu. Mwanafunzi anaanza na 1.5 au 2, akipewa 3 atapuliza hewa tupu na kudhani hana kipaji. Hapa kwetu huzikuti dukani kila unapozihitaji. Tunamtuma mtu anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia au Afrika Kusini, halafu tunangoja. Ongeza pedi, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu: moja ikivuja pale juu, noti zote za chini yake zinagoma, na vumbi la Agosti la Katuba unalijua kuliko mimi. Klarineti ina madai hayo hayo, tena baadhi ya matundu unayaziba kwa nyama ya kidole, na ukipanda juu hairuki oktava kama saksafoni, inaruka oktava na kwinti (kama kutoka do hadi sol ya juu zaidi), kwa hiyo unajifunza vidole mara mbili. Mwenye subira na mfuko, aende. Mimi sikuzuii, nakuhesabia tu.

Vyombo vya shaba ni habari nyingine. Pistoni ni tatu tu, na watu wanafikiri ndiyo urahisi wenyewe. Shika tarumbeta, usibonyeze chochote, na bado ndani yake mna do, sol, do ya juu, mi, sol. Midomo yako ndiyo inayochagua, na midomo inaongozwa na sikio. Ndiyo sababu nilikuuliza habari ya kwaya.

Jinsi ninavyomjaribu mtu ni hivi. Namuwekea mezani ambushuri tatu zilizooshwa, bila vyombo vyake: ya tarumbeta, ya baritoni, ya tuba. Namwambia afunge midomo kama anayetamka "mmm", apulize mpaka midomo itetemeke yenyewe. Ya tarumbeta ni ndogo. Wengi wanaibana mpaka mishipa ya shingo inasimama, kisha inatoka sauti ya mbu. Akihamia ya baritoni uso unalegea, mabega yanashuka, na ghafla ana sauti nene anayoweza kuipandisha na kuishusha bila kukata. Hapo simhitaji tena aniambie anapenda nini. Kuna wachache ambao ni kinyume, ya tuba inawapotea mdomoni na ile ndogo inalia mara moja. Hao ndio wa tarumbeta. Jaribio lote halizidi dakika chache, na limeniepusha na ugomvi mwingi.

Mtu atakuambia midomo minene haifai tarumbeta. Mwache aongee. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazz kutoka Marekani, alikuja kupiga hapa hapa Novemba 1960, mji bado ukiitwa Élisabethville, na sidhani kuna aliyerudi nyumbani akilalamikia midomo yake. Angalia meno badala yake. Kama jino la mbele limetoka au ni la bandia linalocheza, ambushuri ndogo itakuumiza, kubwa itakusamehe. Na ukiona barabara zetu, fikiria kutembea na kipande cha chuma mdomoni huku mguu ukiingia shimoni. Wa tarumbeta wanajua ninachosema.

Pendekezo langu kwako ni baritoni, na sisemi hivyo kwa sababu ndiyo yangu. (Labda kidogo.) Kwenye fanfari zinazofuata desturi ya Wabelgiji na Wafaransa, noti zake huandikwa kwa ufunguo wa sol (alama ya mwanzo wa mstari wa noti, kama ya tarumbeta) na vidole vyake ni vile vile vya tarumbeta, kwa hiyo ukitaka kuhama baadaye huanzi upya. Wimbo wake ni wa pembeni: wakati tarumbeta zinashikilia noti ndefu, sisi ndio tunaotembea. Njoo kwenye kilio, yaani msibani, usikie. Usiku, tenzi ya polepole, tarumbeta zimenyamaza kwa sababu midomo imechoka, na baritoni mbili zinabeba ubeti mzima na tuba chini yake. Watu waliokuwa wanaongea kwenye viti vya plastiki wanaanza kuimba wenyewe, hakuna aliyewaambia. Kwenye saksafoni ningekuwa nagombania nafasi ya kusikika. Pale nafasi ni yangu. Na kama ni jina la Sax linalokuvuta, huyo Adolphe Sax aliyezaliwa Dinant, Ubelgiji, mwaka 1814, ndiye huyo huyo aliyeunda familia ya saksohorni miaka ya 1840, ambamo baritoni imo. Hutatoka nje ya ukoo.

Kuna na majirani. Lupango, ua mnaloishi wapangaji wanne, mmoja ametoka zamu ya usiku, ukimpigia tarumbeta saa nne asubuhi utahamishwa wewe na chombo chako. Baritoni haichomi hivyo, na ambushuri peke yake unaweza kuifanyia mazoezi chumbani, taa ikiwa imekatika au la.

Tromboni nitaipitia haraka: haina pistoni, unavuta bomba kwa nafasi saba za mkono, ya saba inataka mkono mrefu, na hakuna kinachokuambia nafasi ni wapi ila sikio lako. Kwenye defile, yaani gwaride, wapiga tromboni wanawekwa mstari wa mbele ili wasiwachome wenzao mgongoni. Tuba kubwa ile ya kuzungushwa begani inazidi kilo 10. Ipige ukiwa umekaa, kisha ipige kutoka kanisani mpaka makaburini, ndipo uamue. Na ngoma usiidharau. Watu wanapenda kumpa ngoma kubwa yule aliyeshindwa kila kitu, wakati yeye akikosea hatua moja fanfari nzima inajikwaa. Mimi ningempa mtu makini kuliko wote, asiyekunywa kabla ya kutoka.

Lakini kinachoniamulia zaidi kwa hali yako ni zamu. Ukiwa na zamu ya usiku utakosa mazoezi, hilo halina ujanja. Basi usichukue chombo ambacho uko peke yako. Fanfari yenye tuba moja, mpigaji akikosekana, hakuna chini. Kila mtu anasikia tundu. Tarumbeta ya pili au ya tatu, baritoni yenye mwenzake, matoazi, hapo kuna anayekushikia nafasi mpaka urudi. Muulize kiongozi: mko wangapi kwenye kila sauti? Jibu lake linakufaa kuliko ushauri wetu sote hapa.

Tena uwe tayari: utaomba hiki, utaonyeshwa kabati, na utaambiwa "njo hii tuko nayo", yaani ndiyo hii tuliyo nayo. Sawa. Ila kikague kabla hujasaini. Bonyeza kila pistoni, irudi yenyewe bila kuvutwa. Ambushuri ikiwa imekwama usikubali mtu alete koleo, bomba litajipinda na hasara itaandikwa kwa jina lako. Pitisha maji ya vuguvugu ndani, utashangaa kinachotoka. Kama watakupokea karibu na tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, asubuhi za baridi, chombo cha shaba kitakuwa chini ya sauti mpaka kipate joto. Pulizia hewa kimya kimya muda wote mnaposubiri magari ya wakubwa yapite. Na kwenye pistoni ni mafuta mepesi ya pistoni tu. Ya kupikia na ya injini yanaganda, halafu unaniletea mimi.