Viatu vya mwalimu kwenye meza ya ibada

SWALI

Shikamoo, Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuoni Pune, India, na nimepanga chumba kwa familia ya Kihindu. Kwenye meza yao ya ibada, kando ya sanamu, kuna jozi ya viatu vidogo vya fedha. Kila alfajiri mama mwenye nyumba huviosha kwa maji na maziwa, akavipaka liwa, akaweka ua, kisha akainama mpaka paji la uso likavigusa. Nilipomuuliza akasema ni vya guru wao, yaani mwalimu wao wa kiroho, na guru mwenyewe alishafariki. Sasa wamenialika kwenye sherehe ya guru, siku ya mwezi mpevu. Nina wasiwasi. Hivi kweli binadamu anaabudiwa? Na wale maguru tunaosikia wamefungwa kwa ubakaji, si ndio haohao?

Msomaji, Pune

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nami nilisoma mji huohuo, miaka sita, na viatu vya namna hiyo nilivikuta nyumba ya kwanza niliyopanga. Nilikuwa nikipita mbele yake haraka haraka, macho chini.

Huitwa paduka. Vitazame kwa karibu utaona ni umbo la mitalawanda: wayo mtupu, na kijiti kimoja cha kubanwa kwa kidole gumba na kidole cha pili. Kwa nini miguu, na siyo kichwa au mkono? Kwa sababu mguu ndio unaokanyaga vumbi. Mwanafunzi anaposhusha paji lake hapo anakiri kwamba hata palipo chini kabisa kwa mwalimu wake ni juu ya kichwa chake yeye. Neno lenyewe guru, kwa Kisanskriti, maana yake ya asili ni "mzito". Watu wengi watakueleza pia kwamba "gu" ni giza na "ru" ni mwenye kuliondoa. Mimi napenda ile ya uzito.

Umeuliza kama binadamu anaabudiwa. Nikujibu bila kuzunguka: kwa waumini wengi guru hupewa heshima ileile anayopewa Mungu, na hawaoni haya kusema hivyo. Ila ukiwauliza maana yake, majibu hayafanani. Wapo wanaosema Mungu ndiye anayefundisha, guru ni kinywa tu. Wapo wanaosema aliyefika mwisho wa safari hana tena tofauti na Mungu. Na wapo, kama mama mwenye nyumba wangu wa zamani, ambao hawajishughulishi na hoja hizo. Yeye aliniambia: "Nilikuwa sijui kuomba, yeye akanifundisha. Nimlipe nini?"

Uko mahali pazuri pa kuliona jambo hili kwa macho. Karibu na Pune kuna mji wa Alandi, alipozikwa mtakatifu Dnyaneshwar, aliyeaga dunia mwaka 1296 akiwa kijana kabisa. Guru wake alikuwa nani? Kaka yake wa tumbo moja, Nivruttinath, ambaye kwa mapokeo alimzidi miaka miwili tu. Kila mwaka, kati ya Juni na Julai, paduka za Dnyaneshwar hupakiwa kwenye machela na kupelekwa mji wa Pandharpur, kwenye hekalu la mungu Vithoba. Umati hutembea nazo kwa miguu karibu wiki tatu, wakiimba. Wenyewe humwita Dnyaneshwar "Mauli", yaani mama. Na njiani kila mtu humwita mwenzake hivyohivyo, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa mkulima: Mauli.

Mwaka wangu wa pili nilikwenda kusimama kando ya barabara kuwaangalia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Akaja bibi mmoja, mgongo umepinda, kichwani kabeba chungu cha mrehani wao mtakatifu. Alipofika mbele yangu akakishika chungu kwa mkono wa kushoto, akainama polepole, akaigusa miguu yangu iliyojaa matope, akapeleka vidole kwenye paji la uso wake. "Mauli," akasema. Kisha akaendelea na safari. Mimi mgeni, si wa dini yake, ningeweza kuwa mjukuu wake! Nilibaki nimesimama mpaka machela ikapita na sikuiona. Tangu siku ile sijaweza tena kusema kwamba hawa ni watu wanaomwabudu mtu fulani mmoja. Aliyejizoeza kuinama kwa guru, anainama na kwa mpita njia.

Masimulizi ya Maharashtra, jimbo lenye mji wa Pune, yanalieleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Mtakatifu Namdev alikuwa mpenzi mkubwa wa Vithoba, akizungumza naye hekaluni kama rafiki. Siku moja watakatifu walikusanyika, akaombwa Gora, mfinyanzi, apime ni chungu kipi kimeiva na kipi bado. Akachukua kibao chake cha kufinyangia, akaanza kugonga vichwa vya watu kimoja kimoja. Wengine walinyamaza. Namdev akanung'unika. Gora akasema: hiki bado kibichi. Kisa? Hakuwa na guru.

Akatumwa kwa mzee Visoba Khechar. Akamkuta amelala hekaluni, miguu kaiweka juu ya lingam, alama takatifu ya Shiva. Namdev akamkemea. Mzee akamjibu: mimi nimechoka, nisaidie wewe, inyanyue miguu yangu uiweke mahali ambapo Mungu hayupo. Namdev akaishika miguu, akaigeuza huku na huku, na kila alipoitua, lingam ikachomoza chini yake. Basi hiyo ndiyo kazi ya guru. Namdev alikuwa na mapenzi tele, lakini Mungu wake alikuwa wa hekalu moja.

Sasa hao waliofungwa. Ndiyo, mwanangu, ni kweli. Mwaka 2017 na mwaka 2018 mahakama za India ziliwatia hatiani kwa ubakaji viongozi wawili wa aina hiyo, waliokuwa na wafuasi wengi mno. Walioumizwa walikuwa ni watu waliowaamini kama mama yako huyo anavyomwamini guru wake. Jambo hili linaniuma na sitalipamba. Ninachotaka ujue ni kwamba aliyewafundisha wafuasi kutouliza maswali aliyaficha maandiko yake mwenyewe. Upanishadi ya Mundaka inataka guru awe na mambo mawili pamoja: ayajue maandiko, na awe amesimama imara ndani ya anachokifundisha. Bhagavad Gita, sura ya 4, inamwambia mwanafunzi ainame, aulize, atumike. Kuuliza kumewekwa katikati.

Ramakrishna, kuhani wa hekalu la Dakshineswar karibu na Kolkata, aliwahimiza vijana wampime kama wabadili fedha wanavyopima sarafu. Alikuwa akisema mwili wake hauvumilii kugusa pesa. Kijana Narendranath, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Vivekananda, akaficha rupia chini ya godoro la mzee. Mzee alipokaa tu akaruka kwa maumivu. Alipogundua ni mtihani, hakukasirika. Guru anayekasirika ukimpima, ondoka siku hiyohiyo.

Huhitaji pia kudhani kwamba kila Mhindu ana guru wa nyama na damu. Tukaram wa Dehu, mshairi wa karne ya 17, alisema alipewa mantra yake, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, ndotoni.

Kuhusu mwaliko: hiyo ni Guru Purnima, siku chache tu baada ya machela kufika Pandharpur. Nenda. Oga, vaa nguo safi, acha viatu mlangoni, kaa chini pamoja nao. Ikiwa imani yako hairuhusu kusujudu, kunja viganja kifuani na uinamishe kichwa kidogo, hakuna atakayekulazimisha zaidi. Ukipewa prasadi, yaani chakula kilichobarikiwa, ipokee kwa mkono wa kulia. Na watu wakishatawanyika, muulize mama mwenye nyumba alikutana vipi na guru wake. Tenga muda wa kutosha, maana hatamaliza upesi.