Ukalimani Marekani na kitabu cha mkimbizi: jibu kwa vijana wa Arusha

Swali mnaloniletea, hasa nyie mnaoongoza watalii, ni hili: Mkongo aliyekimbia vita, akaishi kambini Nyarugusu, leo ni mkalimani Marekani na anaalikwa makanisani na vyuoni kusimulia kitabu cha maisha yake. Je, kuna riziki humo? Na kijana wa Sakina au Kijenge mwenye Kiingereza chake safi anaweza kuifuata njia hiyo?

Hizo ni kazi mbili. Ya ukalimani mnaiweza. Ya kusimulia vita ni ya aliyeikimbia.

Ukalimani unaanzia kwenye kibali cha kufanya kazi, na viza ya matembezi haikupi. Ukishakuwa nacho, mlango mpana ni hospitali. Mtihani wa CCHI, tume ya Marekani inayotoa vyeti kwa wakalimani wa hospitali, unataka uwe na miaka 18, uwe umemaliza sekondari na umepata mafunzo ya ukalimani wa tiba yasiyopungua saa 40. Mtihani wa lugha yenyewe upo kwa Kihispania, Kiarabu na Kimandarini tu. Wa Kiswahili tunafanya ule wa CoreCHI, ambao ni wa Kiingereza na unapima maadili ya kazi na istilahi za tiba.

Sasa, Kiingereza cha mbugani. Mtu anaweza kueleza nyumbu wanavyovuka Mto Mara bila kukwama hata mara moja, halafu ukimwomba ataje kwa lugha zote mbili nyongo, kondo la nyuma, kifafa cha mimba na ganzi ya uti wa mgongo, akaanza kukuna kichwa. Jifunzeni kiungo kwa kiungo, kisha maradhi yake, kisha vipimo vyake. Masikio myazoeze hapo hapo nyumbani: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na vikao vyake vya wazi vina wakalimani. Mji huu ulikuwa na mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi mwisho wa 2015, mashahidi wakitoa ushahidi kwa Kinyarwanda, majaji wakisikiliza kwa Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo kazi hii si ngeni kwenu kama mnavyodhani.

Ndani ya chumba cha daktari unakaa pembeni ya mgonjwa, nyuma kidogo, ili yeye na daktari watazamane. Mgonjwa akisema "naumwa tumbo", nawe unasema "naumwa tumbo", siyo "anasema anaumwa tumbo". Kwenye kijitabu unaandika namba, majina ya dawa na vipimo vyake tu, na karatasi hizo zinachanwa kabla hujatoka. Daktari akipitiliza sentensi tatu, inua mkono asimame. Usimpe mgonjwa ushauri, hata akuite mwanangu.

Kosa linaloumiza watu ni la saa. Wakongo wengi huhesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa, kwa hiyo saa mbili yao asubuhi siyo saa mbili yetu, ni saa nane yetu ya usiku. Dawa ya "saa mbili" ikapotea saa sita nzima. Usipitishe saa yoyote bila kuuliza: baada ya uji, au usiku wa manane? Wengi wa wateja wenu watakuwa watu wa Uvira, Fizi na Bukavu, na Kiswahili chao kimejaa Kifaransa. Anayekicheka hafai.

Malipo ya ana kwa ana ni kwa saa. Ya simu ni kwa dakika unazozungumza, na kusubiri ni kwako. Ukilipwa kama uliyejiajiri hukatwi kitu, na hapo ndipo wageni wanapoumia: kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato, na hulipwa kwa awamu nne kwa mwaka.

Kitabu hakitajirishi. Ukijichapishia Amazon kitabu cha kurasa 200 kwa dola 15, unapata asilimia 60, yaani dola 9, kisha inatolewa gharama ya kuchapa, kama dola 3 na nusu. Nakala ambazo mwandishi anauza mwenyewe mezani baada ya mazungumzo ndizo zinamlipa zaidi.

Mkalimani mwandishi ana mpaka mmoja usiovukwa: aliyoyasikia kwa wagonjwa hayaingii kitabuni, hata akibadili majina. Na tarehe za kitabu zilingane na alizoandika kwenye maombi ya ukimbizi, maana faili hilo hufunguliwa tena anapoomba uraia. Ndugu waliobaki kambini abadilishe majina yao.

Wapo walioniuliza kama wanaweza "kujiita Wakongo". Hapana. Ombi la hifadhi likithibitika kuwa ni la kutunga kwa makusudi, sheria ya Marekani inamfungia mtu manufaa ya uhamiaji maisha yake yote. Tena mkalimani wa upande wa pili atajua kwa lafudhi kwamba umetoka Ngarenaro.

Mwenye kitabu chake halali, hata kiwe cha Kilimanjaro, anaweza kualikwa na chuo cha Marekani kwa viza ya B-1, ile ya safari fupi za kikazi (kama wakati huo inatolewa kwa Watanzania), na akapokea bahasha ya mhadhiri, yaani malipo ya shukrani: siku zisizozidi 9 kwa chuo kimoja, vyuo visivyozidi 5 ndani ya miezi 6. Ruhusa hiyo ni ya vyuo na taasisi za utafiti zisizo za faida. Bahasha ya kanisa haimo.