Hesabu kwa Makofi, Simu Weka Mfukoni

Programu ya simu yangu inasema "Ain't No Sunshine" ya Bill Withers ina mapigo 156 kwa dakika, ya mwenzangu inasema 78. Nani mwongo? (Tabata)

Hakuna mwongo, kuna wavivu wawili. Swali hili mnaniletea kila mwezi. Piga makofi kwa sekunde 15 pale mwili unapotaka, kisha zidisha kwa 4. Utapata 19 au 20, basi ni 78 hivi. Simu yako imehesabu kila pigo mara mbili. Kwa 156 unakimbilia daladala, na jamaa wa 1971 anaomboleza. Na pale anaporudia "I know" mara 26, msimkatize: alikusudia kuandika maneno mengine hapo, wanamuziki wenzake wakamwambia aache hivyo hivyo.

Shikamoo. Soul ya huzuni si lazima iwe maina (ngazi ya sauti za huzuni), badala ya meja, ile ya sauti za furaha? (Mwalimu wa kwaya, Temeke)

Marahaba, mwalimu. Si lazima, na wewe uliyelelewa na do-re-mi za kwaya, "doh ni G", ndiye ungepaswa kunibishia wa kwanza. Chukua "(Sittin' On) The Dock of the Bay" ya Otis Redding. Doh ni G, meja. Beti inatoka chord (sauti zinazopigwa pamoja) ya G, inakwenda B, inafika C, kisha inateremka nusu nusu hadi A, na zote ni meja. Lakini isikilize jioni Kivukoni, pantoni likigeuka kuelekea Kigamboni, uone kama utaongea. Siri ni ile B. Sikio linangoja B maina, lakini noti ya "so" inapandishwa nusu toni, na tumbo linashtuka kidogo. Juu yake kuna sauti iliyochoka, na mwishoni mluzi. Wengine wanasema inaliza kwa sababu Otis alikufa kwa ajali ya ndege 10 Desemba 1967 na wimbo ukatoka Januari 1968. Sawa, ila uchungu ulikuwa umesharekodiwa kabla ya ajali. Percy Sledge naye, 1966, "When a Man Loves a Woman", nao ni wa ngazi ya meja. Kwa hiyo walimu mnaogeuza tenzi kuwa maina ili waumini walie, naomba muache.

Nikiongeza kasi, mwimbaji anakuwa na sauti ya mtoto. (DJ, Sinza)

Umezima kitufe cha kushikilia kii, yaani kimo cha sauti za wimbo. Kasi ikipanda asilimia 6, sauti inapanda karibu nusu toni. Ila kwani wageni wa harusi wamechelewa wapi?

Kii nzuri ya soul ni ipi? (Mbagala)

Ile ambayo mwimbaji wako hatoki mishipa ya shingo.

Tunapiga "In the Midnight Hour" ya Wilson Pickett kwa kasi ile ile ya rekodi, lakini hakuna anayenyanyuka kucheza. (Bendi, Kinondoni)

Mpiga drams wenu anawahi. Mwaka 1965 kule Memphis, prodyuza Jerry Wexler aliwachezea wanamuziki wa studio ya Stax mtindo wa jerk ili wauone, na mpiga drams Al Jackson Jr. akawa anachelewesha kidogo pigo la pili na la nne. Kasi haikubadilika, ila kila kofi linatua kama mtu anayeketi polepole kwenye kochi. Juzi nilikaa kwenye mazoezi ya vijana fulani: metronomu, kidude cha kugonga kasi, sikioni, fimbo ikigonga snea, ile drams ya kofi, kabla besi haijamaliza kupumua. Nikamwambia avue kile kidude cha sikioni na amtazame mpiga besi mkononi. Mara ya tatu, mama muuza maji aliyekuwa mlangoni akaweka ndoo chini.