Benki Ikikosea, Uanzie Wapi? Maswali na Majibu

Barua tulizochagua mwezi huu zinahusu pesa iliyokatwa bila haki, mkopo usiokoma na pesa isiyo na mwenyewe. Majibu yanafuata utaratibu wa Tanzania.

SWALI: *Nilitaka kutoa sh. 400,000 kwenye ATM ya benki ambayo si yangu. Mashine ilihesabu, ikanyamaza, kisha ikaandika kwamba muamala umeshindikana. Dakika hiyohiyo nikapata ujumbe kuwa nimekatwa. Wenye mashine wananirudisha benki yangu, na benki yangu wananiambia nisubiri. Nisubiri mpaka lini? – Msomaji, Morogoro*

JIBU: Anayewajibika kwako ni benki iliyokupa kadi. Kati yako na wenye mashine hakuna mkataba, na hata wakitaka kukusaidia hawana uwezo wa kugusa akaunti yako. Acha kwenda kwao. Benki yako ndiyo itakayowadai kupitia mtandao unaounganisha kadi, uwe UmojaSwitch au Visa.

Kilichotokea ni hiki. Ukishaingiza namba ya siri na kiasi, mashine huomba idhini benki kwako, na akaunti hukatwa hapo hapo, kabla noti hazijatoka. Noti zikikwama au mlango wa kutolea noti usipofunguka, mashine inapaswa kutuma ujumbe wa pili wa kufuta makato. Mtandao ukikatika katikati, ujumbe huo haufiki, na makato yanabaki. Kwenye ATM za benki yako kasoro hii mara nyingi hujirekebisha yenyewe au hugundulika wakati wa kufunga hesabu za mashine, kwa sababu pesa iliyomo huzidi rekodi. Kwenye ATM ya benki nyingine ziada hiyo imo ndani ya sanduku la watu wengine, na haitarudi mpaka benki yako iidai rasmi. Ndiyo maana neno "subiri" peke yake halitoshi. Uliza swali moja: je, dai limeshafunguliwa, na namba yake ni ipi? Mhudumu asipokuwa na namba ya kukupa, dai halipo.

Andika malalamiko kwa maandishi leo. Yasizidi ukurasa mmoja, na yabebe mambo ambayo mtu wa ofisi ya nyuma atayalinganisha na rekodi ya mashine: tarehe, saa, mahali ATM ilipo, namba ya mashine kama risiti ilitoka, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi, na salio la kabla na la baada. Mashine huandika kila hatua, kadi ilipoingia, noti zilizohesabiwa kutoka kila kasha, mlango ulipofunguka, noti zilipochukuliwa au zilipovutwa ndani. Rekodi hiyo ndiyo inayoamua kesi.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu sana. Risiti na taarifa ya akaunti hutumia saa 24. Ukiandika "saa 12:40 jioni", anayetafuta atafungua rekodi za 12:40, yaani adhuhuri, hatakuta kitu, na jibu litakalokujia ni kwamba muamala huo haupo. Andika 18:40, kama mashine ilivyoandika. Sentensi iwe namna hii: "Tarehe 14 Machi, 18:40, ATM ya kituo cha mabasi ilikata sh. 400,000 kwenye akaunti yangu bila kutoa noti. Naomba rekodi ya mashine na picha za kamera zikaguliwe, na pesa irejeshwe pamoja na makato yote yaliyoambatana." Picha za kamera hufutwa baada ya muda kwa kuandikiwa juu, kwa hiyo kukaa wiki kadhaa ukingoja ni kupoteza ushahidi wako mwenyewe.

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo. Ukituma kwa baruapepe, tumia anwani rasmi ya huduma kwa wateja na uhifadhi jibu la kupokelewa. Simu ya huduma kwa wateja ni nzuri kwa kufunga kadi haraka. Kwa madai ya pesa haikuachii karatasi.

Kama ulijaribu tena papo hapo na mara ya pili pesa ikatoka, eleza miamala yote miwili ukitofautisha saa zake. Wengi hukataliwa dai kwa sababu mkaguzi ameuona ule uliofaulu akadhani ndio unaolalamikiwa. Na mashine ikitoa pungufu, noti 30 badala ya 40, zihesabu palepale mbele ya kamera kabla hujaondoka.

Pesa ikirudi, isome taarifa yako mstari kwa mstari. Muamala wa ATM hubeba ada, na ada za benki hutozwa VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Baadhi ya benki huziweka kodi hizo ndani ya ada, nyingine huziandika kwenye mistari yake. Mara nyingi kinachorudishwa ni 400,000 tu, na vile vidogo vinabaki. Dai navyo, muamala usiokuwepo hauwezi kuwa na ada wala kodi.

Benki ikikaa kimya au ikikupa jibu lisiloridhisha, mlango unaofuata ni Benki Kuu ya Tanzania. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinaitaka kila benki iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, na Benki Kuu hupokea yale yaliyoshindikana huko, kupitia mfumo wake wa malalamiko uitwao Sema na BoT au kwenye ofisi zake, zikiwemo za Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar. Watakuuliza kwanza kama ulilalamika benki. Ile nakala yenye mhuri ndiyo jibu. Shauri likiwa tayari mahakamani, hawalipokei.

SWALI: *Mimi ni mwalimu. Desemba benki mpya ilinunua mkopo wangu kutoka benki ya zamani. Januari na Februari nimekatwa na benki zote mbili, na ile ya zamani inadai bado nina deni dogo pamoja na faini. Deni gani tena? – Mwalimu, Sumbawanga*

JIBU: Pole, mwalimu. Hapa kuna makosa mawili yaliyofungamana, na ukiyalalamikia kama moja utazungushwa.

La kwanza ni lile deni dogo. Benki ikinunua mkopo, hulipa deni lako lote kwenye benki ya zamani, nawe ukaendelea kudaiwa na benki mpya. Benki ya zamani ilipotoa barua ya kiasi cha kumalizia mkopo, kiasi hicho kilikuwa sahihi mpaka tarehe fulani tu, kwa kuwa riba huhesabiwa kila siku. Chukua mkopo uliobaki sh. 9,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka: kila siku inayopita inaongeza takriban sh. 3,945. Benki mpya ikichelewa siku nne kutuma pesa, zinabaki kama sh. 15,780. Kiasi hicho kinatosha kuuacha mkopo wazi kwenye mfumo. Mkopo ukiwa wazi faini zinapanda, na jina lako linaweza kupelekwa kwenye taarifa za wakopaji kama mtu aliyechelewesha rejesho.

La pili ni makato yenyewe. Orodha ya mishahara hufungwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mkopo ulionunuliwa baada ya kufungwa huleta kato moja la ziada, na hilo linaeleweka, ingawa ni lako na lazima lirudi. Kato la mwezi wa pili halina kisingizio hicho. Maana yake ni kwamba benki ya zamani haijaondoa kato lake kwenye mshahara wako.

Sasa fanya hesabu watakayokwepa kukufanyia. Nenda benki ya zamani uombe taarifa ya akaunti ya mkopo. Hiyo ni tofauti na taarifa ya akaunti ya mshahara, na wengi hupewa isiyo yenyewe bila kujua. Itafute tarehe pesa ya benki mpya ilipoingia, uangalie salio siku hiyo, kisha ufuatilie makato ya Januari na Februari yameingizwa wapi. Rejesho likiwa sh. 310,000, umeshawalipa sh. 620,000 juu ya deni la elfu chache. Mara nyingi pesa hiyo imekaa kwenye akaunti ya kusubiria ndani ya benki, haijaunganishwa na mkopo wako, huku faini ikiendelea kuhesabiwa upande wa pili. Huo ni uzembe, na mwalimu asiulipie.

Kwenye barua yako omba mambo matano kwa maneno haya haya: riba iliyobaki ikatwe kutoka kwenye pesa yangu mnayoishikilia, faini zifutwe kuanzia siku mlipopokea kato la kwanza la ziada, kilichobaki kirudishwe, nipewe barua ya kumaliza mkopo na kato liondolewe. Ambatisha slipu za mishahara za miezi yote miwili na barua ile ya kiasi cha kumalizia. Nakala mpelekee afisa utumishi wa halmashauri, pamoja na cheki namba yako, yaani namba yako ya utumishi, maana bila yeye utaendelea kuhangaika na benki peke yako.

Baada ya wiki chache omba ripoti yako ya mikopo kutoka kampuni ya taarifa za wakopaji, kama Creditinfo. Kampuni hiyo haibadilishi kitu kwa neno lako; inangoja marekebisho kutoka benki iliyotuma taarifa. Kwa hiyo ikiwa bado imekosewa, rudi benki, si kwao.

SWALI: *Nimekuta sh. 2,400,000 nisizozijua kwenye akaunti. Kuna mtu amenipigia akisema alikosea namba, nimrudishie kwenye simu yake. Nimrudishie? – Msomaji, Tanga*

JIBU: Usimtumie hata shilingi. Hujui kama ndiye mwenye pesa. Yanayotokea ni kwamba pesa iliyoibwa hupitishwa kwenye akaunti ya mtu asiye na habari, naye akiituma mbele kwa hiari yake, jina linalobaki kwenye rekodi ni lake. Huenda pia mwenyewe wa kweli akaja kuidai kupitia benki, ukalazimika kulipa mara mbili.

Wala usiitumie. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 72, inasema aliyelipwa kwa makosa lazima arudishe. Andikia tawi lako leo, utaje tarehe, kiasi na kumbukumbu namba ya muamala, uwaombe wauchunguze na waurudishe kwa njia ileile uliyoingilia. Aliyekupigia mwambie aende benki yake. Kama pesa ni yake kweli, huko ndiko itakakoanzia safari ya kurudi. Namba yake ya simu na saa aliyopiga viweke kwenye barua hiyohiyo.